Donge la kulia, doa la kushoto

Mwanamke wa miaka 44, mama wa watoto watatu, kitinda mimba wake aliachishwa ziwa miaka sita iliyopita. Anaoga. Kiganja kinapita juu ya titi la kulia, upande wa kwapa, na kinakutana na kitu. Ni donge la mviringo, ukubwa wa gololi, linateleza chini ya vidole na linauma likibonyezwa. Usiku huo hakulala. Asubuhi alikuwa wa pili kwenye foleni ya zahanati.

Hiki ni kisa cha kufundishia. Nimekishona kwa mambo yanayojirudia kwenye vyumba vya daktari, kwa hiyo usimtafute mgonjwa mmoja mwenye historia hii yote. Ila njia aliyopita, vipimo na majibu ndivyo vinavyokwenda hivyo kweli. Nimekichagua kwa sababu kina dalili mbili kwenye matiti mawili, na ile iliyomkosesha usingizi siyo iliyokuwa na neno.

Ziara ya kwanza

Alichosema kilikuwa kifupi: "Daktari, nina uvimbe kwenye titi." Akaulizwa umeanza lini, unauma au hauumi, ana homa au hana. Hakuambiwa avue. Mhudumu aliligusa donge juu ya blauzi, akaandika antibayotiki za siku 7 pamoja na dawa ya maumivu, akasema, "Mama, usipopona utarudi."

Wiki iliyofuata hedhi ikaja. Donge likanywea, maumivu yakaisha, na dawa ikapata sifa isiyo yake. Vifuko vya maji ndani ya titi, ambavyo huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hadi 50, hujaa na kunywea kwa kufuata homoni za mwezi. Kifuko cha mama huyu kingenywea hata angemeza vipande vya chaki.

Antibayotiki zina mahali pake: titi limekuwa jekundu, la moto, linauma, mwenyewe ana homa, na mara nyingi ananyonyesha. Hata hapo, dozi ikiisha na wekundu ukabaki palepale, hapaongezwi dozi nyingine ya kubahatisha. Hupigwa picha na, ikibidi, huchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara, kwa sababu iko saratani inayovimbisha titi zima na kuligeuza jekundu hadi ngozi ikafanana na ganda la chungwa, na kwa siku za mwanzo hudhaniwa jipu. Lakini donge lisilo na homa, wala joto, wala wekundu? Hapo hakuna bakteria wa kuua.

Siwi mkali kwa yule mhudumu kwa sababu ya dawa peke yake. Foleni ilikuwa ndefu na mgonjwa alimletea sentensi moja. Tatizo ni blauzi. Angemwomba avue, akae wima, ainue mikono, aishushe, ashike kiuno, angeyaona matiti yote mawili kwa pamoja, ngozi yake, chuchu zake, makwapa yake. Na kabla ya hayo yote, ndani ya kikombe cha kushoto cha sidiria, angekuta karatasi ya chooni iliyokunjwa mara nne.

Karatasi

Zilipita siku 66. Donge la kulia lilikuwa limerudi kabla ya kila hedhi, na safari ya mwisho lilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Alikwenda tena. Safari hii alipokewa na nesi, ambaye alivuta pazia na kumwambia avue nguo ya juu kabla hata hajafungua daftari.

"Mama, na hii karatasi ni ya nini?"

"Aa, hiyo achana nayo, sista. Ni majimaji tu ya huku kushoto. Hayaumi."

"Yanatoka ukikamua, au yenyewe?"

"Yenyewe. Nikiamka nakuta doa. Asubuhi ndiyo nakamua kidogo, nipasafishe."

"Tangu lini?"

"Miezi minne. Hapana, inakaribia sita."

Miezi sita, na alikuwa ameshakaa mbele ya mhudumu wa afya mara moja bila kulitaja. Hakuficha, kichwani mwake halikuwa ugonjwa. Donge lina jina la kutisha, kila mtu amelisikia. Majimaji yeye alikuwa ameshayapa jina lake: masalio ya maziwa. Na kwa kuwa hayaumi, yalihesabiwa pamoja na mambo ya usafi, kama jasho. Kuna na aibu pia, tusiikatae. Kumwambia mtu usiyemjua kwamba chuchu inalia si sawa na kumwambia una uvimbe.

Nesi alichukua kipande cha shashi nyeupe. Weupe una maana yake, kwa sababu majimaji ya kijani kilichokolea, ambayo mara nyingi hayana shida, kwenye kitambaa cha rangi huonekana meusi na kumtia mtu hofu bure, na damu iliyokaa kwenye nguo ya rangi huonekana kama uchafu tu. Alipobonyeza kidogo, tone moja lilichomoza kwenye tundu moja la chuchu, likanywewa na shashi na kuacha duara la rangi ya kutu. Akaligusisha kwenye kikaratasi cha kupimia mkojo. Kile kisanduku cha damu kikabadilika rangi.

Kisha, kwa ncha ya kidole kimoja, akazunguka ukingo wa ile sehemu nyeusi ya chuchu polepole, akibonyeza hatua kwa hatua. Pakavu, pakavu, pakavu. Chini, upande wa ndani, tone. Akaendelea na mzunguko: pakavu hadi mwisho. Akarudia. Palepale. Hakuna donge lililoshikika titi la kushoto, wala tezi kwapani.

Huu uchunguzi wa dakika mbili ndio uliopanga mambo yote yaliyofuata. Titi lina mirija mikuu ya maziwa ipatayo 15 hadi 20. Majimaji yanayotoka matiti yote mawili, kwenye matundu kadhaa, baada ya kukamuliwa, yakiwa meupe, ya manjano, ya kijani au ya kijivu, kwa kawaida yanatokana na homoni au na mirija iliyotanuka kwa umri. Yanayojitokea yenyewe, kwenye titi moja, tundu moja, yakiwa na damu au yakiwa maangavu kama maji, lazima yatafutiwe chanzo. Ya mama huyu yalikuwa na sifa zote nne. Hata kwa mwenye sifa zote nne, chanzo kinachopatikana zaidi si saratani. Ni papiloma, uvimbe mdogo unaoota ndani ya mrija mithili ya sunzua. Walio na saratani ni wachache kati yao, ila si wachache kiasi cha kumwambia mtu akasubiri aone. Mwanamume anayetokwa na majimaji ya damu kwenye chuchu naye asingoje hata siku moja.

Yangekuwa maziwa, na ya pande zote mbili, mazungumzo yangebadilika kabisa. Kwanza kipimo cha ujauzito, hata kwa anayeapa kwamba hana. Halafu kiwango cha prolaktini, homoni inayochochea maziwa, na cha homoni za thairoidi kwenye damu, na mfuko wa dawa umwagwe mezani, kwa sababu metoklopramidi na domperidoni za kichefuchefu, haloperidoli na risperidoni za magonjwa ya akili, hata methildopa ya shinikizo la damu, zote zinaweza kuyafungulia maziwa. Na mjamzito wa miezi ya mwisho au mama aliyejifungua juzi anaweza kuona damu kidogo kwa siku chache ikakoma yenyewe. Isipokoma, naye achunguzwe.

Fomu

Daktari wa zamu alisoma mstari wa kwanza wa kadi, akaandika kwenye fomu ya rufaa: *altrasaundi, titi la kulia*. Nesi akairudisha mezani pamoja na ile shashi yenye duara. "Daktari, na la kushoto." Kalamu ikakata "la kulia", juu yake ikaandika "yote mawili, na mamografia", na pembeni: "damu, tundu moja, kushoto."

Sijui dawa iliyofanya kazi kubwa katika kisa hiki kuliko mstari ule uliokatwa. Mpiga picha hupiga alichoombwa. Fomu ingekwenda ilivyokuwa, majibu yangerudi mazuri, kweli tupu, kuhusu titi lisilo na tatizo.

Mamografia, yaani eksirei ya matiti, iliombwa kwa sababu ya umri. Angekuwa na miaka 24 wangeanza na altrasaundi, maana titi la msichana lina nyama nzito ambayo mamografia hupata shida kuipenya. Picha za mamografia zilirudi safi pande zote mbili, na mama akafunga mkoba. "Si wamesema mzima?" Hapo wengi huishia, na ndipo pabaya. Hata donge linaloshikika kwa mkono, mamografia huweza kuikosa saratani yake kwa takriban wagonjwa 10 hadi 15 kati ya 100. Kitu kidogo kilichojificha ndani ya mrija, nyuma ya chuchu, ni rahisi zaidi kukosekana.

Altrasaundi ilisema mengine. Kulia: kifuko cha maji cha milimita 18, kuta nyembamba, ndani giza tupu lisilo na chembe, na kwenye BI-RADS, ile mizani ya namba 0 hadi 6 ambayo wasoma picha huitumia, kikapewa 2, yaani hakina ubaya. Kushoto: mrija mmoja uliotanuka, na ndani yake kitu kigumu cha milimita 6 chenye mshipa wa damu unaokiingia. BI-RADS 4A. Namba hiyo humaanisha uwezekano wa saratani ni zaidi ya 2 na hauzidi 10 kati ya 100. Ni mdogo, lakini kinyama lazima kichukuliwe.

Niweke hapa jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye kitabu. Ripoti iliandika kwamba kitu hicho kiko "saa 8". Wasoma picha huligawa titi kama uso wa saa ya ukutani, 12 juu na 6 chini, ukimtazama mgonjwa kwa mbele. Namba 8 ya titi la kushoto iko chini, upande wa ndani, palepale kidole cha nesi kilipopata tone. Mama alipomwonyesha bintiye ripoti aliisoma kwa sauti, "saa nane," na kidole chake kikaenda juu, karibu na kwapa. Alikuwa sahihi kwa Kiswahili: saa nane mshale hukaa kwenye 2. Tangu hapo naona heri kumwambia mgonjwa "namba 8", kisha uchore duara pembeni ya karatasi na kuweka nukta.

Sindano mbili

Ya kwanza ilikuwa ya kulia, na haikuwa ya lazima. Kifuko cha aina hiyo huachwa kisipoudhi, lakini hiki kilimuuma kila mwezi. Sindano ikaingia huku altrasaundi ikiiongoza, maji ya manjano yakajaa kwenye bomba, na donge likaisha chini ya vidole vya daktari huku mama akiangalia. Maji yalimwagwa. Hayapelekwi maabara isipokuwa yana damu, au donge limebaki baada ya maji kwisha.

Ya kushoto aliigomea kwanza. Swali lake lilikuwa lile ambalo wengi huogopa kulitamka: je, sindano haitauamsha ugonjwa? Daktari hakumcheka. Alimwambia sindano haigeuzi kisicho saratani kuwa saratani, wala haimpunguzii mwenye saratani siku zake. Bila kinyama, mpasuaji atakata asichokijua, pengine zaidi ya inavyotakiwa, pengine pungufu. Mama akauliza kama haitoshi kupaka yale majimaji kwenye kioo yakaangaliwe kwa darubini. Kipimo hicho kipo, na kikionyesha seli za saratani kina maana. Kisipoonyesha kitu hakimtoi mtu mashakani, kwa sababu seli nyingi hazidondoki kwenye majimaji.

Akakubali. Ganzi iliwasha kama kuumwa na siafu, halafu hakuhisi kitu ila kusukumwa. Alionywa kuhusu mlio, na vizuri alionywa, maana ile sindano hufyatuka kwa kishindo kidogo kama cha mashine ya kubania karatasi na mtu asiyejua huruka kitandani. Vipande vyembamba, vyeupe, mfano wa uzi mnene, vilidondoshwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Chupa ikaandikwa jina, upande na namba 8. Plasta, na akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Majibu yalitoka siku ya 93 tangu ile ziara ya kwanza. Papiloma, yenye eneo dogo la seli zisizo za kawaida. Si saratani.

Aliposikia "si saratani" alisimama. Daktari akamwomba akae. Sindano huonja, haimalizi sahani. Papiloma yenye seli za namna ile ikitolewa yote, mara nyingine hukutwa saratani changa imejificha pembeni yake. Kwa hiyo ilipaswa kutolewa. Angekuwa na papiloma tupu, ndogo, isiyo na seli hizo na isiyotoa damu, pengine wangekubaliana kuifuatilia kwa picha. Na majibu yangesema "nyama ya kawaida tu", wasingefurahi hata kidogo: vidole viliona damu ya tundu moja, picha iliona kitu chenye mshipa, maabara haiwezi kuja na habari ya tatu. Mambo haya matatu, mkono, picha na kinyama, yakikubaliana hukosea kwa nadra sana. Yasipokubaliana, kinyama huchukuliwa upya.

Kabla ya upasuaji alipewa sharti moja lililomshinda kuliko kufunga kula: asikamue kwa siku kadhaa. Mpasuaji huhitaji tone siku ile, ili aone tundu lenyewe, apitishe humo kijiti chembamba cha chuma na kuufuata mrija mmoja tu, mingine isiguswe. Na kwa ujumla kukamua huku kwa kila asubuhi hakusafishi kitu. Huuchochea tu mrija uendelee kutoa. Mrija uliondolewa, kovu likakaa ukingoni mwa weusi wa chuchu mahali ambapo huwezi kuliona usipolitafuta. Maabara ikathibitisha papiloma na zile seli, bila saratani popote.

Hata hivyo faili halikufungwa. Mwenye seli za namna ile hatari yake ya kupata saratani ya titi miaka ya mbele ni takriban mara 4 ya asiye nazo, na hatari hiyo iko kwenye matiti yote mawili, si lile lililokatwa tu. Alipangiwa mamografia ya kila mwaka, na daktari akamweleza habari ya dawa za kuipunguza hatari hiyo, kama tamoksifeni, pamoja na maudhi yake. Akaomba muda wa kufikiri. Ni haki yake.

Sasa hesabu ya siku. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wa saratani ya matiti, na lengo lake mojawapo ni kwamba mgonjwa apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza. Mama huyu alisubiri 93. Picha, sindano na maabara, ambazo watu huzilaumu, zilichukua 27. Zile 66 zilikuwa za vidonge vya siku 7 na kungoja. Angekuwa mmoja wa wale wachache wenye saratani, siku hizo zingekuwa na jina jingine.

Nimejaribu mara nyingi kuandika alichopaswa kusema siku ile ya kwanza, na huwa kinatoka hivi: "Nina donge titi la kulia, nimeligundua jana, linauma likibonyezwa, na hedhi yangu inakaribia. Na titi la kushoto linatoa majimaji ya rangi ya kutu, yenyewe bila kukamua, tundu moja, karibu miezi minne. Sinyonyeshi, sina mimba, situmii dawa yoyote. Naomba uyatazame yote mawili." Ni sekunde 15. Angeweza kuziandika kwenye ile karatasi ya chooni. Angeongeza kama mama yake, dada au shangazi aliwahi kuugua titi au ovari, na akiwa hajui aseme hajui, ingawa karibu nusu ya wanaopata saratani ya titi hawana sababu yoyote ya kuelezeka zaidi ya kuwa wanawake na umri wao.

Miezi sita baadaye alirudi kuangaliwa. Nesi alikuwa yuleyule.

"Sista, la kulia limejaa tena, wiki mbili sasa, nadhani ni lile lile la maji. La kushoto kavu tangu operesheni. Karatasi sina."

Nesi alivuta pazia hata hivyo, akamwambia avue.